Colorama: rangi za terminali zisizoharibika zikifika Windows

Anayeandika programu ya mstari wa amri kwa Python akiwa kwenye Linux huona kuweka rangi ni kazi ya dakika moja: hutanguliza herufi ya ESC, ambayo namba yake ni 27, akaifuatisha na [31m, na maneno yanayofuata yakatoka mekundu. Programu hiyo hiyo ikiendeshwa katika konsoli ya zamani ya Windows, mtumiaji haoni wekundu wowote, bali huona ←[31m imeng'ang'ania mwanzoni mwa ujumbe. Colorama ni maktaba ndogo inayoondoa adha hiyo, kwa kuzinasa alama za ANSI (yaani alama za rangi kama hiyo ya ESC na [31m) kabla hazijafika kwenye skrini na kuzigeuza kuwa miito ya Win32, kiolesura cha programu cha Windows yenyewe.

Matumizi yake ni mepesi. Unaandika Fore.RED, kisha ujumbe, kisha Style.RESET_ALL, na hilo la mwisho usilisahau, maana mimi nililisahau siku moja, programu ikamaliza kazi yake na kuniachia terminali nyekundu tupu. Kwa wasahaulifu wenzangu ipo init(autoreset=True), inayorudisha rangi ya kawaida kila baada ya kuchapisha.

Hata hivyo, kwa programu mpya ningechagua just_fix_windows_console(), iliyoongezwa katika toleo la 0.4.6 la mwaka 2022. Windows 10 ya sasa inazielewa alama za ANSI yenyewe mradi uwezo huo uwashwe, na hapo kitendakazi hiki huuwasha tu, kisha hukaa kando; kwenye Linux na macOS hakifanyi lolote, na kukiita mara mbili hakuna madhara. Kinyume chake, init() huufunika mkondo wa matokeo, na ukiiita tena huweka kifuniko juu ya kifuniko.

Lakini init() ina hisani moja ambayo mwenzake hana: matokeo yakielekezwa kwenye faili, huziondoa alama za rangi. Ukiiacha, kwenye Linux faili lako la logi litajaa takataka, isipokuwa uulize mwenyewe kwa sys.stdout.isatty() kama matokeo yanakwenda kwenye terminali kabla ya kupaka rangi. Vivyo hivyo kwa NO_COLOR, kigeu cha mazingira ambacho mtumiaji hukiweka kuonyesha kwamba hataki rangi: kukiheshimu ni juu yako.

Rangi zenyewe ni nane za msingi pamoja na aina zake angavu, nazo zanitosha kwa hitilafu, tahadhari na mafanikio. Anayetaka majedwali na vipimo vya maendeleo atafute Rich, maktaba nyingine ya Python.