Ekstenda ya Wi-Fi kwenye nyumba ya mawe: wiki tatu za kugombana nayo

Ruta yetu iko chini, chumba cha mbele, karibu na mlango. Fundi aliyeleta faiba aliishia hapo na hakutaka kusikia habari ya ngazi. Mama anakaa ghorofa ya pili. Kila usiku baada ya isha huzungumza kwa video na mama mkubwa aliyeko Muscat, na kwa mwaka mzima mazungumzo yenyewe yalikuwa hivi: "Hujambo... umeganda... nakwambia umeganda... Mwanangu, hebu njoo!" Mwanangu ndiye mimi.

Nyumba ni ya Mji Mkongwe, Unguja. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti. Niliupima ukuta pale dirishani nikapata dhiraa nzima na vidole vyake. Ukuta wa namna hiyo unazuia jua na makelele ya uchochoroni, na Wi-Fi nayo hausazi. Masika ndiyo mtihani zaidi, maana mawe hunywa maji na maji hayapatani na mawimbi haya. Kutoboa napo si rahisi: Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na mambo ya kuchokoachokoa kuta za nje yana taratibu zake.

Basi nikaenda Darajani, nikanunua ekstenda, kidude cha kupokea Wi-Fi ya ruta na kuisogeza mbele, kwa shilingi 45,000. Kidude kama kipande cha sabuni, kinachomekwa moja kwa moja kwenye soketi, kina antena mbili na tundu moja la waya wa mtandao upande wa chini. Boksi limeandikwa 300 Mbps, yaani kasi ya mtandao, kwa herufi kubwa. Chapa siitaji, za bei hii karibu zote ni ndugu. Kijana wa dukani aliniambia, "Unachomeka tu, ami, unabonyeza hapa, basi."

"Hapa" kulikuwa ni kitufe cha WPS, cha kuunganisha vifaa bila kuandika paswedi. Unabonyeza cha kwenye ruta, halafu ndani ya dakika mbili unabonyeza cha kwenye ekstenda, vinatambuana vyenyewe. Vyangu havikutambuana. Nilipanda na kushuka ngazi mara nne kabla sijagundua kuwa kampuni iliyonipa ruta imeizima WPS. Kwa usalama nawaelewa, ila wangesema.

Ikabaki njia ya simu. Ekstenda ikiwa mpya hutoa mtandao wake usio na paswedi. Unajiunga nao, unafungua kivinjari, unaandika 192.168.0.254, ukurasa wa mipangilio unakuja. Wangu haukuja. Uliduru, ukaduru, mwisho ukaniambia haufikiki. Nikarudia. Nikabadilisha kivinjari. Nikazima simu nikaiwasha. Saa tatu usiku nikaanza kulirudisha boksi kwenye mfuko wake niende nalo dukani asubuhi, na binti yangu aliye darasa la sita, aliyekuwa akinitazama muda wote huo, akasema, "Baba, zima data."

Nikazima data. Ukurasa ukafunguka papo hapo.

Hili nalieleza vizuri kwa sababu naamini ndilo linalorudisha ekstenda nyingi madukani. Kidude hakijaunganishwa na ruta, kwa hiyo hakina intaneti. Simu ikiona imejiunga na Wi-Fi isiyo na intaneti, inakimbilia bando lako kimya kimya, ingawa alama ya Wi-Fi unaiona ipo. Unachokiandika kinapelekwa kwenye mnara wa simu ilhali kidude unachokitafuta umekishika mkononi. Zima data kwanza. Na simu ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, mwambie ndiyo.

Mengine ya usiku ule yalikuwa madogo. Orodha ya mitandao ilikuja na majina ya majirani kumi na mmoja na letu moja tu, ingawa ruta yetu inatoa majina mawili. La pili ni la masafa ya GHz 5, na ekstenda hii inasoma ya GHz 2.4 peke yake. Kwa kuta hizi sikuona hasara, maana ya 2.4 ndiyo inayopenya vizuri zaidi. Halafu paswedi. Ukiikosea, ekstenda haikwambii. Inaipokea kwa adabu, inajizima, inajiwasha, na taa yake inabaki nyekundu. Ile iliyoandikwa chini ya ruta yangu ina sifuri niliyoisoma kama herufi O. Ilibidi nirudishe kila kitu mwanzo kwa kubonya kile kitundu cha riseti, na nyumbani hakuna kinachoingia humo isipokuwa pini ya ushungi ya mke wangu. Sekunde kumi, usiachie mapema.

Usiku wa pili taa ikawa ya kijani. Nikaipandisha kwa mama, nikaichomeka pembeni ya kitanda chake. Simu ikaonyesha Wi-Fi imejaa mpaka juu, na intaneti hakuna hata tone.

Kosa hili nililifanya mimi na nadhani kila mtu hulifanya: unaiweka pale pasipo na mtandao, kwa kuwa ndipo unapoutaka. Lakini ekstenda haitengenezi intaneti, inapokezana tu. Ni kama mstari wa watu wanaopokezana ndoo: wa katikati lazima mkono wake umfikie wa kisimani. Vile vistari vilivyojaa kwenye simu vinapima umbali wa simu na ekstenda, havijui chochote kuhusu ekstenda na ruta.

Nikapakua programu ya bure inayopima nguvu ya ishara kwa dBm, nikaizungusha nyumba nzima kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Namba ni za hasi; ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Karibu na ruta, -38. Chumbani kwa mama, -84, yaani hamna kitu. Ukumbi wa ghorofa ya kwanza, ambao uko juu ya ruta sawasawa, nilitegemea makubwa nikapata -77. Kumbe dari la boriti, mawe na chokaa nalo ni ukuta uliolazwa. Pa kushangaza palikuwa kwenye kona ya ngazi, pale zinapogeuka kwenda ghorofa ya pili: -61. Ngazi ni uwazi mtupu kutoka chini mpaka juu, na ishara inazipanda kama sisi.

Kwenye kona ile hakuna soketi. Nikavuta ekstensheni ya umeme kutoka ukumbini kwa ajili ya ekstenda ya Wi-Fi, mke wangu akacheka sana. Lakini usiku ule mama mkubwa hakuganda.

Nilipima kasi. Kifurushi chetu ni cha Mbps 20. Chini napata 19, kwa mama nikapata 8. Zile 300 za kwenye boksi zisahau. Ekstenda ya aina hii ina redio moja inayopokea na kutuma kwa zamu, kwa hiyo karibu nusu ya kasi inapotelea hapo, na ukuta unachukua chake. Nane inatosha kabisa kwa simu ya video.

Kulikuwa na kero ya simu kutoiachia ruta. Ekstenda yangu ilinakili jina la mtandao wa ruta, likawa jina moja nyumba nzima, na simu ya mama ikishuka naye chini kisha kupanda inang'ang'ania ruta ya chini hata kama imebaki kupumua. Nikaipa ekstenda jina lake: Juu kwa Mama. Sasa anachagua mwenyewe.

Wiki ya pili ikaanza kukatika kila usiku, saa mbili na nusu hivi. Nikawashuku majirani, maana muda huo kila mtu yuko nyumbani. Kwenye GHz 2.4 chaneli, yaani njia za mawimbi, zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, na karibu uchochoro mzima ulikuwa umejazana kwenye 6. Nikaihamishia ruta 11. Ikawa afadhali kidogo, lakini bado inakatika.

Siku ya nne nikapanda kuitazama wakati imekatika. Nikakuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha maua kilichokuwa juu ya televisheni. "Vumbi, mwanangu," mama akasema. Kidude kilikuwa cha moto kama birika. Nilipokigusa kikalegea na adapta ikatoa cheche, ndipo nikaiona na kasoro ya pili: plagi yake ni ya pini mbili za mviringo, soketi zetu ni za matundu matatu ya bapa, na ile adapta ya bure ya dukani ilikuwa ikicheza kila mtu akipita kwenye ngazi. Adapta nzito ya shilingi 3,000 ilimaliza hilo. La kitambaa tulilizungumza.

Umeme ukikatika kuna jambo moja zaidi. Ukirudi, ekstenda inaamka kabla ya ruta, inaitafuta, haiioni, na mara nyingine inakata tamaa moja kwa moja. Ichomoe, subiri taa za ruta zitulie zote, ndipo uichomeke.

Wiki ya tatu nikafanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Nikanunua waya wa mtandao wa mita 20, nikaupandisha pembeni ya ngazi kutoka kwenye ruta, nikauchomeka kwenye lile tundu la chini ya ekstenda na kubadilisha mpangilio wake ili ipokee kwa waya na isambaze tu. Sasa inakaa ukumbi wa juu, mlangoni kwa mama, na kasi ni 18. Ukiweza kuvuta waya, vuta. Usipoweza, ekstenda peke yake naipa nyota tatu kati ya tano, na ya tatu ni kwa sababu ya bei.

Mama anasema waya mweupe umeharibu ngazi. Na juzi nilipoingia chumba cha mbele nilikuta kitambaa kile cha maua kimekunjwa vizuri, kimefunika ruta.