Vifuko vya kupangia nguo kwenye begi: nilivyovitumia Msimbati na Newala

Kwa anayejiuliza kama vile vifuko vya zipu vya kupangia nguo ndani ya begi vina maana yoyote, jibu langu ni nunua. Wauzaji wanavisifia kwamba vinaongeza nafasi, na kweli kidogo vinaongeza. Faida kubwa niliyoiona mimi ni nyingine: familia nzima ilikaa likizo na begi moja, na hakuna aliyelipekua.

Seti yangu ina vifuko sita vya saizi tofauti. Nililipa shilingi 38,000 kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar es Salaam, mzigo ukaja na basi hadi stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara. Kitambaa ni nailoni nyepesi, na kila kifuko kina wavu usoni, kwa hiyo unaona kilichomo bila kufungua. Vikubwa viwili vina zipu mbili. Ya kwanza ni ya kufungia. Ya pili inazunguka ubavuni, ukiivuta kifuko kinabana na hewa iliyojificha kwenye nguo inatoka. Kimoja kidogo kina bitana isiyopitisha maji.

Safari yenyewe ilikuwa na mtihani wake. Likizo ya katikati ya mwaka tulipanga kuanzia ufukweni Msimbati, watoto wakaogelee, kisha tupande Newala kwa mama mkwe wangu. Ni mkoa mmoja wa Mtwara, lakini nguo za huku si za kule. Msimbati unataka dera, kanga, kaptula na tisheti nyepesi. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na jioni za Juni na Julai ukisimama pale Shimo la Mungu kutazama bonde la Ruvuma, upepo unaopanda kutoka chini utakufanya uulizie sweta lako. Na masweta ndiyo yanayokula begi.

Kwa hiyo vile viwili vya kubana nikavipa nguo za Newala tu. Hapo vilinifurahisha sana. Sweta la sufu lina hewa nyingi, ukivuta zipu ya pili linashuka karibu nusu ya unene wake. Jinzi na kanga hazishuki hivyo, hazina hewa ya kutoa; ukizibana unavuna mikunjo. Kanga nilizikunja bapa, doti juu ya doti, nikazilaza chini kabisa ya begi, tisheti nikaziviringisha na kuzisimamisha ndani ya kifuko ili kila moja ionekane. Viatu na vyote vizito vilikaa upande wa magurudumu, maana begi likisimamishwa uzito hushuka huko, na ukiuweka juu utabonda nguo zote. Kila mtoto alipewa kifuko chake cha nguo za pwani. Tulipofika Msimbati vya Newala vilibaki chini, havikuguswa. Mwanangu wa mwisho, ambaye nyumbani kabati lake halikai saa moja bila kuvurugika, alikuwa anatoa kifuko chake, anachukua kaptula, anafunga zipu na kukirudisha.

Suala la nguo mbichi lilikuwa linanitia wasiwasi. Zamani tulikuwa tunazitia kwenye rambo na kuendelea na safari, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na ni vizuri. Fukwe zetu zilikuwa zinateseka. Kile kifuko chenye bitana kilibeba nguo za kuogelea za watoto bila kulowesha chochote. Ila mchanga ukung'ute kwanza, kwa sababu mchanga mwembamba wa Msimbati ukiingia kwenye meno ya zipu unaitafuna. Na tukifika tu, nguo zilitoka zikasuuzwa kwa maji baridi kuondoa chumvi na kuanikwa. Nguo yenye maji ya bahari ukiifungia kutwa nzima itatoka na uvundo, iwe kwenye kifuko cha bei gani.

Mafuta ya nazi nayo yanataka akili. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, ndiyo maana huku pwani chupa yake ni ya maji muda mwingi na haichelewi kuvuja begi likilazwa kwenye buti la basi. Mimi hufungua kizibo, nafunika mdomo wa chupa kwa kipande kidogo cha plastiki, narudisha kizibo na kukikaza, kisha chupa inasimama peke yake kwenye kifuko kidogo kuliko vyote. Kule Newala asubuhi tuliyakuta yameganda meupe, ikabidi chupa iwekwe juani kidogo.

Wifi yangu wa Dar anapenda ile mifuko mikubwa ya plastiki ya kunyonya hewa. Nimeijaribu, na kwa likizo siipendekezi. Blanketi la kuhifadhi kabatini, sawa. Safarini unahitaji pampu kila unapofunga, kitobo kidogo tu kinarudisha hewa yote, na nguo zinatoka na mikunjo ambayo pasi ya mkaa ya nyumbani kwa bibi haitaimaliza upesi. Tena inakudanganya kwenye uzito. Nafasi inabaki, unaongeza nguo, na mizani ya uwanja wa ndege haipimi nafasi. Hata vifuko vyangu vya kubana vina hatari hiyo, kwa hiyo anayepanda ndege apime begi nyumbani. Na wewe wa ndege, betri ya akiba ya simu isiingie kwenye begi la kukabidhi; inatakiwa iwe kwenye mkoba wa mkononi.

Kasoro ipo, na si ndogo. Zipu ya kubana ya kifuko kimoja kikubwa iliachia meno tukiwa bado Newala. Muuzaji nilimwandikia, akasoma, hakujibu. Fundi cherehani wa jirani yetu Mtwara akaing'oa na kushona ya jinzi, akaniambia, "Dada, hii sasa utawaachia wajukuu." Kisha akanishonea vingine viwili kwa mabaki ya kitenge na kipande cha pazia la wavu. Havibani, lakini kwa kupangia nguo sioni tofauti na vya dukani, na rangi zake zinawasaidia watoto kujua kipi ni cha nani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa pesa ni huu: vya kawaida mpe fundi akushonee, dukani nunua vya kubana viwili na kimoja cha kuzuia maji kama wanauza kimoja kimoja. Kabla hujalipa, kijaze hata kwa mtandio wako, vuta zipu ya pili mpaka mwisho na uangalie kwenye kona, hapo ndipo yangu ilipoanzia kuachia. Wakati wa kurudi bana nguo chafu zote kwenye vile viwili. Sisi nafasi iliyobaki iliingia makopa ya muhogo na korosho za mama mkwe, na begi likafungwa bila mtu kulikalia.