Kukodi yoti Dubai Marina: bei, saa ya kupanda na tulichokiona

Tangu turudi kutoka Dubai, wenzangu wa kazi hapa Arusha wananiuliza swali lilelile: ile yoti mliyokodi, ilistahili hela yake? Ilistahili. Ila nasema hivyo kwa sababu tuliikodi wenyewe kama familia, na saa ya kupanda tulichagua sisi. Bila mambo hayo mawili nisingekuwa na furaha niliyonayo ninapoandika haya.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii. Kazi yangu ni Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, kisha kurudi mjini kuosha gari na kusubiri wageni wengine. Novemba, vuli ikishika, kazi hupungua. Mke wangu alikuwa anakwenda Deira, mitaa ya biashara ya Dubai, kuchukua mzigo wa duka, nikaona safari hii nimsindikize. Shemeji yangu na mkewe wakajiunga, na mama mkwe tukamtoa Moshi, maana amelea wajukuu miaka yote na alikuwa hajawahi kupanda ndege. Binamu yangu anafanya kazi hotelini kulekule Dubai. Jumla tukawa watu sita, na idadi hiyo ndiyo iliyofanya bei ibebeke.

Yoti inakodiwa nzima. Muwe wawili au muwe kumi, bei haibadiliki. Wakala tuliyewasiliana naye kwa WhatsApp tukiwa bado Arusha alitutajia dirham 600 kwa saa, kwa boti ya futi kama 50 hivi. Tukachukua saa mbili. Ankara ilipokuja ikawa na kodi ya ongezeko la thamani juu yake, ambayo kule ni asilimia 5 tangu ilipoanza mwaka 2018. Wakala alikuwa hajaitaja. Ni dirham 60 tu, lakini katika kazi yangu najua mgeni akifika getini akakuta malipo ambayo hakuambiwa, siku yake imeshaharibika kabla hajaona hata swala. Mtu akitaja bei ataje yote. Jumla tulilipa dirham 1,260. Dirham imefungwa kwenye dola, dola moja kwa dirham 3.67, kwa hiyo ni kama dola 343. Gawanya kwa sita, kila mtu dola 57. Kwa anayejua mgeni kutoka nje analipa nini kuingia kwenye hifadhi zetu, hiyo si bei ya kutisha.

Ndani ya bei kulikuwa na nahodha, msaidizi wake, mafuta, maji ya kunywa, soda na barafu. Chakula hakimo. Wanaweza kuwachomea nyama humohumo botini kwa nyongeza, ila tuliuliza mapema tukaambiwa kubeba cha kwenu ni ruksa, basi mke wangu akanunua sambusa Deira tukaingia nazo. Siku moja kabla waliomba nakala za pasipoti za wote. Majina ya abiria lazima yaandikishwe, hivyo usije na mtu wa ziada dakika za mwisho ukidhani utabembeleza.

Sasa saa. Hapa ndipo nilipobishana na wakala, na ningebishana tena.

Alitaka kutupa saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Akasema ndiyo saa inayopendwa, taa zinakuwa zinawaka. Nikamkatalia. Pwani ya Marina inatazama kaskazini magharibi, maana yake jioni jua linashukia upande wa bahari. Ukiwa nje majini saa hizo, jua liko mgongoni kwako na mwanga wote unapiga kwenye vioo vya maghorofa. Asubuhi ni kinyume chake, jua linatokea nyuma ya majengo, na kila unachopiga picha kinatoka cheusi. Jambo hili tunalijua sisi tunaokaa na wapiga picha porini. Unapanga gari kwa kufuata jua, mnyama baadaye. Tena mwezi Novemba jua la Dubai linazama mnamo saa kumi na moja na nusu. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja, lakini wao giza linaingia saa kumi na mbili wakati Arusha bado unamwona jirani yako akifunga duka. Hiyo saa kumi na mbili aliyokuwa ananiuzia wakala ilikuwa usiku tayari.

Nikaomba saa kumi hadi saa kumi na mbili. Hapo unapata mchana uliolainika, jua likizama, na taa zikiwaka wakati mnarudi. Yote kwa pesa ileile. Wakala alivutavuta, mara boti ina wageni wengine, mara atanirudia, mwisho akakubali. Ukienda, ipiganie saa hiyo. Na uende kati ya Novemba na Machi. Kiangazi chao joto linapita nyuzi 40, na vumbi hewani linaweza kuyafunika majengo uliyolipia kuyaona.

Tulipanda metro kituo cha Union, Deira, tukashukia DMCC, tukamalizia kwa miguu. Gatini, kabla ya kuingia botini, mnavua viatu vyote na kuviweka kwenye kikapu kilichokaa mlangoni. Kati ya gati na boti kuna ubao mwembamba wa kupitia. Mama mkwe akasimama mbele yake na viatu mkononi.

“Mwanangu, huu ubao unacheza.”

“Shika mkono wangu, mama. Usitazame chini.”

Msaidizi wa nahodha, kijana wa Kifilipino, haelewi hata neno moja tulilosema. Aliuona tu uso wa mama. Akashuka, akaukanyaga ubao kwa mguu wake mmoja ili usiyumbe, akavipokea vile viatu, akanyoosha mkono wa pili. Mama akavuka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kwangu mimi huduma ilianzia hapo, na kwa hilo peke yake yule kijana alistahili tipu yake yote. Nahodha naye, kabla ya kufungua kamba, alituonyesha jaketi okozi zilipo chini ya viti na akahakikisha mama anajua kufunga la kwake.

Marina yenyewe ni mfereji uliochimbwa, kama kilomita 3, maji ya bahari yakaingizwa ndani na maghorofa yakapandishwa pande zote. Boti inakwenda taratibu kabisa humo ndani. Jengo lililonikaa kichwani ni Cayan Tower, mita 306, lilifunguliwa mwaka 2013. Limejisokota kutoka chini hadi juu kwa nyuzi 90, kama mtu amekamua kitenge kilicholowa. Kwenye picha nilikuwa nimeliona, lakini picha haionyeshi kwamba boti ikisogea, jengo nalo linaonekana linageuka taratibu. Jirani yake kuna Princess Tower, zaidi ya mita 410, ambalo lilipokamilika mwaka 2012 lilikuwa refu kuliko majengo yote ya makazi duniani. Humo mferejini hulioni lote. Uko chini yake, shingo inauma, na kilele huna habari nacho.

Malalamiko yangu mengine yako hapa. Saa zetu zilianza kuhesabiwa tulipokanyaga boti, na mwendo huo wa taratibu wa kutoka mferejini ulikula kama dakika 20, kurudi vilevile. Ukichukua ile ofa ya saa moja, utafika nje, utageuza. Watu wengi wanaichukua kwa sababu ya urahisi wake, kisha wanasema yoti ni kupoteza hela. Chukua mbili.

Nje ya mfereji mawimbi yakaanza. Tukapita karibu na Ain Dubai, lile gurudumu la kisiwa cha Bluewaters lenye urefu wa mita 250, kubwa kuliko yote duniani, tukaenda mbele kidogo zaidi. Nikamwomba nahodha azime injini na ageuze boti ili viti vya nyuma alipokaa mama vitazame mjini. Akafanya hivyo bila kuuliza. Hii ndiyo tofauti ya kukodi na kujiunga na wageni wengine. Maboti makubwa ya kujiunga yalikuwa yanatupita, muziki juu, watu wamebanana ukingoni, kila mmoja anangoja zamu yake ya picha, na boti haisimami kwa sababu ratiba ni ratiba. Wanaoshangaa kwa nini safari ya gari lenu wenyewe Serengeti ni ghali kuliko ya kujiunga, jibu ni hilihili: unalipia haki ya kusema “hapa tusimame”.

Tukasimama. Kutoka pale ndipo yale maghorofa yaliyotuumiza shingo yalipokaa sawa, yote kwa mstari, kuanzia chini hadi kileleni. Mwanga ukaanza kuwa wa dhahabu kwenye vioo, kisha ukawa wa chungwa, kisha ukapanda: chini majengo yakaingia kivulini, juu bado yanawaka, na ule mstari wa kivuli ukawa unapanda ghorofa kwa ghorofa huku tukiuangalia. Jengo fupi linazimika kwanza. Yale marefu yakabaki na kipande cha jua kileleni, halafu nayo yakazimika moja baada ya jingine. Sikujua kwamba mji unaweza kukuonyesha kitu cha namna hiyo. Niliacha kupiga picha.

Mama mkwe alikuwa na la kwake. Amekulia Kibosho, maji yanashuka kutoka mlimani kwa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, mpaka kwenye mgomba wako, na zamu ya maji inajulikana.

“Sasa hawa watu wote humo ndani, maji wanayatoa wapi? Sijaona mto tangu tufike.”

Binamu yangu akamwonyesha kwa kidole maji tuliyokuwa tunaelea juu yake. “Haya haya, mama. Wanayachuja chumvi, kisha pampu zinayapandisha juu.”

Mama akayatazama maji, akayatazama majengo, akauliza tena kama ni kweli. Ni kweli, karibu maji yote ya mabomba ya Dubai ni ya bahari yaliyotolewa chumvi. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na mazungumzo mengine zaidi ya hayo: nani analipa umeme wa kuyapandisha hadi ghorofa ya 90, na umeme ukikatika inakuwaje. Tumezungumza mambo mengi ya Dubai tangu turudi, ila mama, akiwasimulia majirani zake Moshi, anaanzia hapo.

Jambo la tahadhari: boti ikisimama inayumba kuliko ikitembea. Mke wa shemeji alianza kichefuchefu mara injini ilipozimwa, akashushwa sehemu ya katikati, akaambiwa atazame mbali kwenye upeo wa bahari asitazame simu. Tulipoanza kutembea tena akapata nafuu. Anayejijua ameze dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, siyo baada.

Tulisogea upande wa Palm Jumeirah hadi tukaiona Atlantis, ile hoteli yenye tao katikati iliyofunguliwa mwaka 2008. Nikuambie mapema ili usije ukasononeka: ukiwa majini huoni umbo la mtende. Unaona ufukwe na majumba. Mtende unaonekana kutoka juu tu. Burj Al Arab, ile hoteli ya umbo la tanga, tuliiona kwa mbali. Kuifikia karibu unahitaji kukodi kwa muda wa saa tatu. Na Burj Khalifa, mita 828, kutoka huku Marina ni sindano nyembamba kwenye upeo siku hewa ikiwa safi. Iko upande mwingine kabisa wa mji. Mawakala huweka picha yake kwenye matangazo ya yoti za Marina, na hilo mimi silikubali. Anayeiota Burj Khalifa pesa yake aipeleke kulekule ilipo.

Kurudi tuliingia mferejini taa zikiwa zimeshawaka pande zote na maji yamezibeba. Ni pazuri, na kwa wengi hiyo ndiyo yoti yenyewe. Mimi ningeikosa hiyo nikabaki na zile dakika za jua bila kinyongo.

Nahodha na msaidizi tuliwapa tipu mkononi, kila mtu ya kwake, siyo kupitia ofisi. Mtu wa kazi hizi ataelewa kwa nini.

Kwa familia ya watu watano na kuendelea, au wafanyabiashara mliokwenda pamoja kuchukua mzigo, kodini. Mkiwa wachache, hesabu inakataa, na hakuna haja ya kujibana. Pale Deira kuna abra, zile boti ndogo za mbao zinazovusha watu kwenye mkono wa bahari kwenda Bur Dubai kwa dirham 1. Hakuna kioo wala ghorofa la kusokotwa, unaona mji wa zamani, misikiti na majahazi yamefungwa kando. Mke wangu amekuwa akivukia hizo miaka yote ya biashara zake. Panda saa kumi na moja jioni, kaa upande usiopigwa na jua machoni, na ukifika ng'ambo lipa dirham nyingine urudi.