Uwanja wa Panathenaic, Athens: mimi nilienda kwa ajili ya Robertson

Jamani ukipita Athens usiishie kule juu Akropoli kupiga picha, shuka mpaka uwanja wa Panathenaic, ule wa marumaru tupu, ndo Olimpiki ya kwanza ya zama hizi ilifanyika hapo mwaka 1896. Unalipa kiingilio getini na kwenye bei hiyohiyo wanakupa kisimu cha maelezo, unaweka sikioni unabonyeza namba unasikiliza, halafu wanakuacha ushuke mpaka chini kwenye njia ya kukimbilia, ukimbie ukitaka! Hicho kwangu kinatosha kulipa kiingilio.

Mi nilikuwa namfuata mtu mmoja, George Stuart Robertson. Kijana wa Oxford, mrusha nyundo, enzi za Malkia Victoria, enzi ambazo mwanamichezo wa ridhaa halipwi hata senti na hiyo ndo fahari yake. Akajilipia nauli mwenyewe mpaka Ugiriki kwenye Olimpiki hiyo ya 1896, na kurusha nyundo kwenye ratiba hakumo kabisa. Basi akaingia kwenye kurusha kisahani, akafikisha mita 25.20, nafasi ya nne, Robert Garrett wa Marekani ndo alishinda kwa 29.15. Akacheza na tenisi ya wawiliwawili pamoja na Edwin Flack wa Australia, yani alikuja kushiriki na akashiriki kwelikweli.

Nilisimama pale chini nikahesabu hatua 25 kubwakubwa, nikageuka kuangalia nilikotoka, aisee ni mbali, na huyu mchezo wake ni nyundo. Ila kilichonigusa zaidi ni siku ya kufunga mashindano, Robertson alisoma shairi alilolitunga mwenyewe kwa Kigiriki cha kale, kwa mtindo wa Pindar, yule mshairi wa Ugiriki ya kale, mbele ya Mfalme George wa Kwanza wa Ugiriki, na mfalme akampa tawi kama wanavyopewa washindi. Nilipanda nikakaa juu kabisa nikawa nawaza sauti ya mtu mmoja bila spika ndani ya uwanja mkubwa vile, mwili ukanisisimka.

Nendeni asubuhi, marumaru inarudisha jua usoni na kivuli hakuna, bebeni kofia na maji. Na lile handaki upande wa ndani msilipite, mwisho wake kuna chumba cha mienge ya Olimpiki za miaka tofauti, mi nilikaa humo karibu nusu saa. Nyota 5, na nikirudi Athens naanzia hapo.