Mikanda ya ubavuni ya C10: mikanda mizuri, klipu takataka

Nimesubiri hasira zipungue ndipo nikaandika. Ningeandika wiki ile ile, pasingesomeka hapa.

Nina pikapu ya Chevrolet C10 ya 1970, bodi (sehemu ya nyuma ya mizigo) ni fupi, naiendesha hapa Dallas. Aliyekuwa nayo kabla yangu aling'oa mikanda yote ya ubavuni, yaani vile vipande virefu vya urembo vinavyopita ubavuni mwa gari, akaziba matundu yake kwa puti na kupaka rangi juu. Gari la namna hii bila mikanda yake linakaa kama mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Basi nikaagiza seti mpya kwa duka moja la mtandaoni linalouza vipuri vya magari ya zamani.

Mikanda yenyewe sina neno nayo. Alumini inang'aa, ncha zimekatwa vizuri, na kipande cha mlango nilipokilaza juu ya bati kilifuata mkunjo bila kubishana. Nilikuwa tayari kumwaga sifa.

Halafu nikafungua kimfuko cha klipu.

Kwa asiyejua: mkanda wa kiwandani haushikwi na plastiki peke yake. Katikati sawa, klipu ya plastiki inasukumwa kwenye tundu, basi. Lakini kwenye ncha inatakiwa klipu ya chuma yenye bolti, inayopenya bati halafu unaikaza nati kwa ndani. Nati hiyo ndiyo inayozuia upepo usiingie chini ya ncha na kuubandua mkanda. Kimfuko changu kilikuwa plastiki tupu, tena kavu, ukiisukuma kwa dole gumba masikio yanakatika.

Nikapiga simu. Bwana aliyepokea hakunisikiliza hata nusu. "Zote ni sawa, 1967 mpaka 1972, na watu wote wanafunga hivyo hivyo." Namuuliza bolti ziko wapi, naye ananiuliza kama nimewahi kushika spana. Kisha akasema nimtafute mtu anayezungumza vizuri ndiye ampigie. Jamani! Lafudhi yangu ndiyo iliyokula bolti? Na eti zote ni sawa! Bodi ndefu ya gari hili ni futi 8, fupi ni futi 6 na nusu, hata vipande vya nyuma haviingiliani. Muuza vipuri huyo!

Nikafunga kama alivyoagiza. Jumapili moja niko barabara kuu nikasikia mluzi ubavuni, mara pa! Kipande kilicho mbele ya gurudumu la nyuma kikaondoka. Kwenye kioo nikakiona kinabiringika kwenye lami, na lori lililokuwa nyuma yangu likakimaliza.

Aliyeniokoa nilimpata kwenye gulio la vipuri la Pate, pale Texas Motor Speedway, Fort Worth. Mzee mmoja alikuwa na kopo la kahawa limejaa klipu za chuma za zamani. Akazichambua mwenyewe, kila moja akiipandisha nati kwa vidole aone kama nyuzi bado zinashika, zilizokataa akazitupa pembeni. Akanionyesha pia namna ya kuzungushia shina la bolti gundi ya kuzuia maji, la sivyo maji yanapenya na bati linaanza kuoza kutokea ndani. Bei aliyonitajia niliona aibu kuipunguza. Kipande kilichopotea nacho nilikipata kwake, cha zamani, kimebonyea kidogo.

Kuhusu matundu yaliyozibwa, usipime upya na kutoboa kwa kubahatisha. Vua paneli ya mlango, mulika tochi kwa ndani, utaona puti ilivyotokeza kwenye kila tundu la zamani. Toboa hapo hapo, kutokea ndani.

Nilidhamiria kutoa nyota moja. Lakini sasa mkanda umenyooka kutoka madigadi hadi mwisho wa bodi, nikiutazama roho inakuwa nyeupe, siwezi kusema bidhaa ni mbovu. Tatu, basi. Labda kimfuko changu kilikosewa tu wakati wa kufungasha. Lakini kama ni hivyo, kilichomshinda kusema "samahani" ni nini? Mbili! Na hela ya kipande kilichosagwa na lori hawajanirudishia mpaka leo. Wakirudisha, nitaifikiria hiyo ya tatu.