Swichi moja imenifanya niichukie mashine nzima ya usingizi

Wengine watawaambia mashine hii ya kutolea dawa ya usingizi wakati wa upasuaji ina skrini nzuri, magurudumu laini na ventileta, ile sehemu inayompumulisha mgonjwa, haina makelele. Sibishi. Mimi nina ugomvi na swichi moja tu, ile ya kuitoa gesi kwenye saketi, yaani mirija ya kumpumulishia mgonjwa, na kuihamishia kwenye tundu la nje, na nitaisema mpaka nichoke.

Majuzi tulikuwa na mgonjwa wa kutolewa uvimbe shavuni. Hakupewa nusu kaputi. Alipigwa ganzi na kupewa dawa ya kumtuliza, anapumua mwenyewe, mrija wa oksijeni uko puani. Sentimita chache kutoka hapo daktari wa upasuaji anachoma mishipa kwa daiathemi, kifaa cha umeme cha kuzuia damu. Oksijeni ikijikusanya hapo, shuka zinaweza kushika moto, na spiriti ya kusafishia ngozi, kama haijakauka, ndiyo usiseme. Oksijeni ndiyo iliyo mikononi mwangu: isizidi asilimia 30, na mgonjwa anayetosheka na hewa ya kawaida asipewe kabisa.

Sasa ile flomita ya pembeni, kifaa cha kupimia gesi inayotoka, ambayo kila mtu huikimbilia kwa sababu ni rahisi, hutoa oksijeni tupu. Ipunguze hadi lita moja kwa dakika, kinachotoka mrijani bado ni asilimia 100, na kinajikusanya chini ya shuka. Ndiyo maana nikatumia tundu la nje: sehemu tisa za hewa kwa moja ya oksijeni, inakuja karibu asilimia 29. Na hapa niseme ukweli, ilifanya kazi vizuri mno. Kuna mashine zisizo na tundu hilo, ukaishia kuchomeka mrija kwenye saketi kwa kiunganishi cha kuokoteza na kukaza vali ili gesi isukumwe. Kwa muda ule ningeipa nyota nne bila kufikiri.

Kisha mgonjwa akazama usingizini kuliko tulivyotaka, pumzi ikawa haba. Mkono mmoja nimeinua taya, wa pili nimeshika barakoa, na swichi iko wapi? Chini, ubavuni mwa mashine. Mpaka irudishwe, mfuko haujai na ventileta haisukumi kitu. Nikamwambia msaidizi aigeuze. Kijana wa watu, katika kuhangaika, akabonyeza kitufe cha oksijeni ya haraka. Mnajua ilikwenda wapi? Kule kule kwenye tundu la nje, oksijeni tupu, moja kwa moja chini ya shuka, na daiathemi bado iko mkononi mwa daktari! Nikapiga kelele aiweke chini, shuka zikafunuliwa, nikachukua ambu, mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, iliyokuwa imening'inia tayari. Mgonjwa yuko salama. Moto haukuwaka. Ila tangu siku hiyo sioni kitu kingine kwenye ile mashine.

Na wakati wote huo kengele haikulia. Kulikuwa na mstari mdogo wa maandishi pembeni mwa skrini, basi. Sensa ya oksijeni iliyo ndani ya saketi nayo haioni kinachotoka nje, kwa hiyo namba unayoisoma haikuhusu.

Nikawapigia waliotuuzia. Jamaa hakuniacha nimalize. “Dada, umesoma mwongozo?” Nimeusoma! Ndiyo sababu ambu ilikuwepo! Nimeuliza kwa nini swichi inayokata hewa ya saketi inafichwa mahali ambapo aliyeshika taya haifikii, nikajibiwa kwamba wateja wengine hawajalalamika.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota tatu, maana uchanganyaji wa gesi ni wa uhakika na fundi wetu wa vifaa tiba ameshabandika karatasi nyekundu juu ya swichi. Lakini karatasi nyekundu tumenunua sisi. Basi nyota mbili. Na kama yule wa kwenye simu ndiye huduma kwa wateja, basi moja, na hiyo ni ya magurudumu.