Kinovea kwa kutazama mwendo wa wagonjwa wa fizio, Malindi: uzoefu wangu

Tunaitumia Kinovea, programu ya kutazama na kupima mwendo kwenye video, katika chumba cha fizio (tiba ya viungo) hapa Malindi. Ni ya bure, haihitaji intaneti ikishapakuliwa, ila inataka kompyuta ya Windows. Video narekodi kwa simu ya kawaida.

Faida yake kubwa ni kupeleka video fremu kwa fremu. Mtu akitembea, mguu hukaa chini takriban asilimia 60 ya mzunguko wa mwendo, asilimia 40 uko hewani, na hapo hewani ndipo jicho linapopitwa. Mgonjwa wa kiharusi akizungusha mguu kwa nje, simamisha picha: je, goti halikunjiki, au unyayo hauinuki na vidole vinaburura? Tiba zake si moja. Goti lenye afya hukunjika kama nyuzi 60 mguu ukiwa hewani. Weka alama za pembe kwenye nyonga, goti na kifundo. Likiishia 30, hata jamaa aliyemleta mgonjwa analiona mwenyewe.

Lakini simu ikiwekwa ovyo, namba hizo ni uongo mtupu. Iwe juu ya stendi, kimo cha nyonga, mita 3 au 4 kutoka njia, ikiitazama njia moja kwa moja kutoka ubavuni. Pima pembe mgonjwa akifika katikati ya picha. Akiwa ukingoni kamera inamwona kwa mshazari. Selotepu ya mita 1 ya kupimia ibandikwe kwenye mstari uleule anaotembea. Ukiibandika karibu na kamera, hatua zote zitasomeka fupi kuliko zilivyo. Na ukirekodi fremu 120 kwa sekunde, video ikachezwa kwa 30, iambie programu kasi halisi, la sivyo muda wa kila hatua utatoka mara nne.

Nguo ndiyo kazi. Buibui na dera huficha goti lote. Mwambie mgonjwa mapema avae taiti ndani. Mama arekodiwe na mhudumu wa kike, pazia limefungwa, kwa ridhaa yake, na video isitoke kwenye kompyuta ya kazini. Arekodiwe peku kwanza, kisha na kandambili zake: vidole hujikunja kuzishika, hatua hufupika, na huo ndio mwendo anaokwenda nao sokoni.

Video ya ubavuni haionyeshi nyonga ikishuka. Rekodi tena kutoka nyuma. Ikishuka upande wa kulia wakati amesimamia mguu wa kushoto, misuli dhaifu ni ya nyonga ya kushoto, na wanafunzi wengi huandika kinyume.

Kwa kasi ya mwendo siihitaji Kinovea. Njia ya mita 10, saa ya simu, hesabu mita 6 za katikati tu: akitumia sekunde 10, kasi ni mita 0.6 kwa sekunde.